Corvair: umbo lililoamuliwa na injini ya nyuma

Chevrolet Corvair ya mwaka 1960 haina grili. Pale ambapo gari la Kimarekani la miaka hiyo lilijazwa vyuma vya kromu, hapa kuna bati tupu lililobonyea kidogo kwa ndani, taa mbili kila upande, na nembo. Anayeiona mara ya kwanza hudhani kuna kitu kimeng'olewa. Hakuna kilichong'olewa. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haina rejeta, kwa hiyo pua haikuwa na sababu yoyote ya kutobolewa.

Naanzia puani kwa sababu wanaolilia mitindo ya magari madogo ya Kimarekani ya miaka ya 1960 karibu wote hutaja mapambo: kromu, rangi mbili, usukani mwembamba wenye pete ya honi. Corvair inasimulia habari nyingine. Umbo lake linalokumbukwa hadi leo lilitokana na uamuzi wa kifundi, na uamuzi huohuo ndio uliolizalia gari kasoro iliyoliharibia jina. Mengi yameandikwa kuhusu kasoro hiyo, na mengi kuhusu kesi zilizofuata. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi uzuri na ubaya wa gari hili ulivyotoka tumbo moja, na kwamba viwili hivyo vingeweza kutenganishwa mapema sana bila kugusa hata kipande kimoja cha bati la nje.

Soko la mwaka 1958

Mdororo wa uchumi wa mwaka 1958 uliikuta Detroit ikiwa imefika kileleni kwa urefu na uzito wa magari. Chevrolet Impala ya 1959 ilizidi mita 5.3. Wateja wakaanza kugeukia Volkswagen Beetle, Renault Dauphine na mengineyo kutoka Ulaya, na kufikia 1959 takriban gari moja kati ya kila kumi yaliyouzwa Marekani lilikuwa limetengenezwa nje. Kampuni ndogo ziliwahi kuliona hilo: American Motors waliirudisha Rambler American sokoni mwaka 1958, na Studebaker wakaleta Lark kama modeli ya 1959. Wakubwa watatu, yaani General Motors, Ford na Chrysler, walijibu kwa mpigo mmoja katika miezi ya mwisho ya 1959. Magari yao yakaitwa kompakti, na kwa vipimo vya kwetu bado yalikuwa makubwa, maana Corvair yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 4.57.

Kila kampuni ilikuja na fikra yake. Ford Falcon, mradi wa Robert McNamara, ilikuwa gari kubwa lililopunguzwa: injini ya silinda sita mbele, maji ya kupozea, springi za mabapa nyuma, hakuna cha kumshangaza fundi yeyote. Plymouth Valiant, iliyochorwa chini ya Virgil Exner, ilikuwa na boneti ndefu, grili yenye kina, na juu ya mfuniko wa buti alama ya tairi iliyofinyangwa kwenye bati bila tairi lolote kubebwa pale. Naipenda Valiant, lakini alama ile ya tairi ni pambo na haina kazi nyingine.

Mkuu wa Chevrolet, tawi la General Motors, alikuwa Ed Cole, mhandisi aliyekwisha kujijengea jina kwa injini ya V8 ya mwaka 1955. Yeye alitaka gari lianze upya kabisa. Injini ya alumini, silinda sita zilizolala, tatu kila upande, lita 2.3 na nguvu farasi 80, imefungwa nyuma ya ekseli ya nyuma. Bodi ikawa kitu kimoja bila chesisi ya kusimama peke yake. Magurudumu yote manne yalijitegemea. Gari lilizinduliwa tarehe 2 Oktoba 1959, jarida la Time likamweka Cole kwenye jalada wiki hiyohiyo, na Motor Trend wakalitangaza gari la mwaka 1960. Bei ilianzia karibu dola 2,000.

Umbo lenyewe

Injini ikihamia nyuma, kwanza boneti inapumzika. Haina cha kufunika isipokuwa mizigo, kwa hiyo inaweza kushuka na kuwa bapa. Halafu propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma, inatoweka, na pamoja nayo lile tuta la katikati ya sakafu linalowasumbua abiria wa kati. Sakafu ikiwa tambarare inaweza kuteremshwa, viti vikateremka nayo, na paa likafuata. Corvair ilikuwa na kimo cha takriban mita 1.31, pungufu ya Falcon kwa sentimita saba hivi, na bado watu sita walikaa ndani ya ile ya milango minne bila kukunjana magoti. Wachoraji wa magari walikuwa wakihangaika miaka mingi kuyashusha magari kwa hila za macho. Hapa walipewa gari lililokwisha kushuka.

Kilichobaki kilikuwa kujizuia, na ndicho kilichofanyika. Ned Nickles ndiye anayetajwa zaidi kuhusu mchoro wa kwanza, uliofanywa katika miaka ya mwisho ya Harley Earl, aliyestaafu mwishoni mwa 1958 na kumwachia Bill Mitchell idara ya mitindo. Weka kidole juu ya taa ya mbele kushoto, ufuate ukingo wa bati kwenda nyuma. Kidole kinapita chini ya kioo cha mlango, kinaendelea juu ya gurudumu la nyuma, kinazunguka mkia juu ya taa nne za mviringo, kinarudi upande wa kulia na kufika puani. Ni mstari mmoja usiokatika, unaolizunguka gari zima kama mkanda wa kiunoni. Juu yake kuna vioo na nguzo nyembamba, chini yake bati ambalo halijachorwachorwa. Kwenye ile ya milango minne, paa ni bapa na linatokeza nyuma kama ubaraza juu ya kioo kilichopinda hadi pembeni.

Mstari ule ndio Wazungu wa Ulaya walioutazama kwa makini kuliko Wamarekani wenyewe. Mwaka 1961 NSU wa Ujerumani walitoa Prinz 4, gari dogo lenye injini nyuma, na mkanda ule wa kiunoni umo wote mzimamzima. Mwaka huohuo Fiat walitoa 1300 na 1500, na BMW wakaonyesha 1500 yao Frankfurt, gari lililoinusuru kampuni hiyo. Ukilitazama pembeni utauona ukingo uleule. Hillman Imp ya Uingereza ikafuata mwaka 1963. Hata Zaporozhets ya Kisovieti, ile ya ZAZ-966, ilikuwa karibu pacha wa Prinz 4, kwa hiyo mjukuu wa Corvair ilitembea barabara za Ukraine na Urusi kwa miaka mingi. Waitalia nao walilifanya darasa: Pininfarina walitengeneza kupe (magari ya milango miwili) za maonyesho juu ya mitambo yake, na Bertone mwaka 1963 wakapeleka Geneva gari la Testudo, kazi ya kijana aliyeitwa Giorgetto Giugiaro, juu ya mitambo ya Corvair Monza. Sijui gari jingine la bei nafuu la Kimarekani lililowafundisha watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho.

Wateja walijibu vingine

Mwaka wa kwanza Falcon iliuza zaidi ya 400,000. Corvair ilifika takriban 250,000. Kwa gari geni kiasi kile hiyo si aibu, ila General Motors hawakuwa wamezoea kuachwa nyuma na Ford kwa umbali huo. Mteja wa gari la bei nafuu alitaka kitu atakachoelewa fundi wa kijijini kwake, na Falcon ilikuwa hicho. Chevrolet wakaharakisha Chevy II, gari la injini mbele lililoingia sokoni kama modeli ya 1962, na tangu siku hiyo Corvair haikuwa tena gari la kila mtu.

Iliokolewa na toleo la Monza. Mwaka 1960 Chevrolet waliweka ndani ya kupe viti vya mbele vilivyotengana, zulia na mapambo machache, na ghafla wanunuzi wakawa vijana na watu waliotaka gari la kuchangamsha moyo. Mwaka 1962 ikaja Monza Spyder yenye turbo na nguvu farasi 150, wakati ambapo turbo kwenye gari la dukani ilikuwa jambo la ajabu. Waliokuwa wakiangalia kwa makini walikuwa Ford. Monza iliwathibitishia kwamba kuna kundi kubwa la wateja wa gari dogo lenye mvuto, wakachukua mitambo ya Falcon, wakaivika bodi mpya, na tarehe 17 Aprili 1964 wakazindua Mustang. Corvair ilifungua mlango, akaingia mwingine.

Mwaka huohuo wa 1964 Afrika Mashariki nayo ilipata kuonja kompakti za Kimarekani kwa karibu. Kampuni ya Ford ilileta Mercury Comet sita, ndugu wa damu wa Falcon, katika mashindano ya magari ya East African Safari. Zikatoka sita, zikamaliza mbili, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes, gari lililotoka Uingereza.

Chini ya bati

Sasa ile kasoro. Injini ikiwa nyuma ya ekseli ya nyuma, zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa gari inakaa kwenye magurudumu mawili. Hilo peke yake lina faida: usukani unakuwa mwepesi, na gari linashika vizuri barabara ya matope au theluji. Shida ilikuwa jinsi magurudumu hayo yalivyoning'inizwa. Kila shafti ya nyuma ilikuwa na kiungo cha kupinda upande wa gia boksi tu, upande wa gurudumu hakuna. Kwa hiyo gurudumu na shafti vilikuwa kipande kimoja kinachopanda na kushuka kama mkono kutoka begani. Gari likiingia kona kwa kasi, mkia unanyanyuka, gurudumu la nje linajikunja kuelekea ndani ya tumbo la gari, tairi linasimama kwa ukingo wake, na mkia unazidi kunyanyuka. Dereva asiyezoea huachia mafuta ghafla, jambo linaloongeza balaa.

Mtindo huo haukuwa wa Chevrolet peke yao. Volkswagen walikuwa nao, Renault Dauphine ilikuwa nao, na Mercedes pia. Dawa yake ilijulikana: chuma cha stebilaiza mbele, kinachofanya pua ianze kuteleza kabla ya mkia na hivyo kumpa dereva onyo. Katika matayarisho ya Corvair chuma hicho kilikuwamo. Kiliondolewa kabla ya uzinduzi ili kuokoa gharama. Badala yake Chevrolet walitegemea upepo wa matairi: pauni 15 kwa inchi ya mraba mbele, 26 nyuma. Nambari hizo zilikuwa kwenye kijitabu cha mwenye gari.

Nasimama hapa kidogo. Fikiria kituo cha mafuta cha mwaka 1961, kijana wa zamu anazunguka gari na bomba la upepo, anayaona matairi ya mbele yamelegea, anayajaza yalingane na ya nyuma kama anavyofanya kwa kila gari. Amefanya wema, na kwa wema huo amelifanya gari kuwa la hatari, na mwenye gari analipa, anashukuru, anaondoka. Usalama wa familia uliachwa mikononi mwa kijana huyo ambaye hakuna aliyemwambia. Hili sina namna ya kulitetea, na kulipenda umbo la gari hakunizuii kusema kwamba wahasibu walifanya uamuzi mbaya na wahandisi walijua.

Mwaka 1962 stebilaiza ikapatikana kama nyongeza ya kulipia. Mwaka 1964, baada ya Semon Knudsen kuchukua uongozi wa Chevrolet, iliwekwa kwa kila gari, pamoja na springi moja ya bapa iliyolala kwa upana chini ya gia boksi ili kuyazuia magurudumu yasijikunje. Kwa masimulizi ya John DeLorean, aliyekuja kuiongoza Chevrolet baadaye, gharama yote ilikuwa kama dola 15 kwa gari.

Umbo la pili

Corvair ya 1965 ni ya wale wanaosema kwamba Marekani ilijua kuchora. Mchoro unahesabiwa kwa Ron Hill, ndani ya idara ya Bill Mitchell. Mkanda wa kiunoni umeondoka, mahali pake pamechukuliwa na bati linaloingia ndani kidogo kwenye mlango kisha likavimba juu ya gurudumu la nyuma. Uvimbe ule uko palepale uzito wa gari ulipo. Pua ni nyembamba na inainama, maana bado haina injini ya kubeba. Paa limekuwa jembamba, na hakuna nguzo katikati ya vioo, si kwenye kupe wala kwenye ile ya milango minne, kwa hiyo ukishusha vioo vyote upande mzima unabaki wazi kutoka mbele hadi nyuma. Karibu hakuna kromu ya kuzungumzia.

David E. Davis wa jarida la Car and Driver aliandika kwamba kwa maoni yao hilo ndilo gari zuri kuliko yote yaliyotokea Marekani tangu kabla ya Vita vya Pili. Sentensi hiyo hunukuliwa mpaka leo kila gari hili linapotajwa, na nakubaliana nayo kwa moyo wote. Nikiwekewa Corvair ya 1965 kando ya Mustang ya mwaka uleule, macho yangu hayasiti. Mustang ni boneti ndefu iliyotengenezwa ionekane ina nguvu. Corvair haijaigiza chochote.

Na chini ya bati mambo yalikuwa yamenyooshwa. Shafti za nyuma sasa zilikuwa na viungo pande zote mbili, kwa mpangilio wa karibu na ule wa Corvette Sting Ray, na gurudumu lilibaki wima kwenye kona. Injini ilikuwa ya lita 2.7. Toleo la Corsa lilikuja na kabureta nne na farasi 140, au turbo na farasi 180. Don Yenko, muuza magari wa Pennsylvania, alichukua Corsa 100 za mwaka 1966 akazigeuza magari ya mashindano aliyoyaita Stinger. Gari lilikuwa limekamilika.

Jinsi lilivyokufa

Hapa kuna hadithi inayosimuliwa na watu wengi, nami naiona imekaa vibaya: kwamba Ralph Nader, mwanasheria aliyeandika kitabu cha kuyashutumu magari ya Kimarekani kwa kukosa usalama, Unsafe at Any Speed, aliiua Corvair. Tufuate tarehe. Mustang inatoka Aprili 1964 na katika mwaka wake wa kwanza inauza zaidi ya 400,000, kwa bei ya chini na ikiwa na nafasi ya injini ya V8. Corvair haikuwa na mahali pa kuweka V8, nyuma hapatoshi. Aprili 1965, ndani ya General Motors linatoka agizo kwamba kazi ya kuiendeleza Corvair isimame, yafanywe tu yatakayodaiwa na sheria. Wakati huo umbo la pili lina miezi michache sokoni. Kitabu cha Nader kilichapishwa mwishoni mwa Novemba 1965, miezi saba baada ya agizo hilo, na sura yake ya kwanza ilihusu Corvair za 1960 hadi 1963, wala si ile mpya.

Kitabu kiliongeza kasi ya kuanguka, na waliokipa nguvu zaidi ni General Motors wenyewe. Waliajiri wapelelezi wamfuatilie Nader maisha yake ya binafsi, siri ikavuja, na Machi 1966 rais wa kampuni, James Roche, akalazimika kuomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Septemba mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari na barabara, na mwaka 1970 kampuni ilimlipa Nader dola 425,000 kumaliza kesi aliyofungua. Kuna wanaoshikilia kwamba kelele hizo ziliirefushia Corvair maisha, kwa kuwa kuifuta upesi kungeonekana kama kukiri kosa. Nami naona lina mantiki, ukizingatia jinsi lilivyoachwa lijifie polepole: zaidi ya 230,000 mwaka 1965, kama 100,000 mwaka uliofuata, kama 27,000 mwaka 1967 ambapo Camaro, jibu la Chevrolet wenyewe kwa Mustang, ilikuwa imeshaingia, kama 15,000 mwaka 1968, na 6,000 mwaka wa mwisho. Ya mwisho ilitoka kiwanda cha Willow Run, Michigan, tarehe 14 Mei 1969, katika majengo ambamo Ford waliwahi kuunda ndege za B-24 wakati wa vita. Jumla zilitengenezwa kama milioni 1.8.

Mwaka 1972 mamlaka ya serikali ya usalama barabarani ilitoa matokeo ya majaribio yake. Ilipima Corvair ya 1963 pamoja na Falcon, Valiant, Beetle na Dauphine, na kuhitimisha kwamba Corvair za 1960 hadi 1963 katika kona kali hazikuwa mbaya kuliko wenzake. Wapenzi wa Corvair huikumbatia ripoti hii kama hati ya kuachiliwa huru. Mimi naisoma kwa tahadhari zaidi. Dauphine na Beetle nazo zilikuwa na miguu ileile, na kulinganishwa na mwenye ila yako si usafi. Hata hivyo inatosha kuondoa ile picha ya gari lililokuwa muuaji wa kipekee barabarani, picha ambayo bado inarudiwa na watu ambao hawajawahi kulikaribia.

Kinachokosekana leo

Corvair Society of America ilianzishwa mwaka 1969, mwaka uleule uzalishaji ulipokoma, na wanachama wake wamelibeba gari hili kwa zaidi ya nusu karne. Wao hawaishi na picha, wanaishi na mafuta yanayovuja. Kila silinda ina mirija miwili inayobeba fito za valvu, jumla kumi na mbili, na kila mrija una mpira wa duara kila mwisho. Mipira ya kiwandani iliungua kwa joto ikawa migumu kama plastiki, oili ikadondokea kwenye chuma cha moto, na kwa kuwa tangu modeli ya 1961 joto la ndani ya gari hutolewa kwenye hewa iliyopita kando ya silinda, harufu yote iliishia kwa abiria. Siku hizi hufungwa mipira ya malighafi inayovumilia joto, na tatizo linakwisha. Feni imelala juu ya injini, inazungushwa na mkanda mmoja unaotoka kwenye puli iliyosimama, unapinda nyuzi tisini kwenda kwenye feni, kisha unarudi. Mkanda ukikatika injini haina cha kuipoza, na mwenye gari hutembea na mwingine kwenye buti, pamoja na spana ya kuufungia.

Nayataja haya kwa sababu yanajibu swali la wale wanaouliza kwa nini kampuni hazirudishi mitindo ile. Volkswagen walijaribu mwaka 1998 na New Beetle. Waliurudisha mviringo wa zamani, lakini injini ilikuwa mbele, juu ya mitambo ya Golf. Matokeo yake, kioo cha mbele kikawa mbali sana na dereva, juu ya dashibodi yenye eneo kubwa lisilo na kazi, na mkia ule wa mviringo ukawabana vichwa abiria wa nyuma bila kufunika mtambo wowote. Umbo lilikuja peke yake, sababu yake haikuja. Chevrolet wakitoa kesho gari lenye sura ya Corvair ya 1965 na rejeta nyuma ya pua, watalazimika kuitoboa ile pua, kuinua boneti kwa ajili ya injini na kwa sheria za kumlinda mtembea kwa miguu anayegongwa, na ule uvimbe wa nyuma utakuwa umefunika hewa. Wanaolitamani hawatalitambua.

Nafasi ya kweli imekuja na umeme. Mota ndogo kati ya magurudumu ya nyuma, hakuna rejeta kubwa, hakuna propela shafti: masharti yaleyale aliyokuwa nayo Ned Nickles mezani kwake. Kuna magari ya umeme leo yenye mota nyuma ambayo bado yamechorewa grili bandia mbele, plastiki isiyopitisha hewa, ili mnunuzi asishtuke. Chevrolet waliwaamini wanunuzi wao zaidi ya hapo mwaka 1960.

Kwa anayetafuta Corvair ya kuitunza, wengi watamwelekeza kwenye ya 1965 au 1966, na hawakosei. Mimi nina neno kwa ajili ya ile ya 1964, ambayo bei yake kwa kawaida iko chini na sifa zake hazisemwi. Ina umbo la kwanza, mkanda wa kiunoni na pua isiyotobolewa. Ina injini ya lita 2.7. Ina stebilaiza mbele na springi ya kuzuia magurudumu yasijikunje, vyote vimefungwa kiwandani, na kwa nje hakuna kilichobadilishwa kwa ajili ya vyuma hivyo. Wenye magari ya 1960 hadi 1963 wanaweza kufunga vifaa vya kazi hiyohiyo gereji. Uwezekano huo ulikuwapo tangu gari la kwanza kabisa, umbo lisingeguswa popote, na katika miaka mitano ya umbo lile la kwanza waliotoka dukani wakiwa na vifaa hivyo bila kulipia nyongeza ni wa mwaka mmoja tu.